Hagongi Mara Mbili

Mtu mwenye akili zake alikuwa hanunui nyumba iliyokwisha kukaliwa kabla hajamwita Fundi Sikio. Asiye na akili alinunua kwanza, akamwita baadaye. Fundi alikwenda vilevile, akatikisa kichwa, akasema, "Pole." Pole yake haikuwahi kumrudishia mtu nyumba.

Jina la Sikio walimbandika vibarua wenzake zamani, alipokuwa mwashi. Alijenga miaka thelathini na miwili. Magoti yalipogoma kupanda ngazi aliweka mwiko chini, akabaki na kazi moja: kuwakagulia watu nyumba kuukuu na kuwaambia ukweli wake. Ukweli ni bidhaa ngumu kuuza, na wenye nyumba walimwogopa kuliko mvua.

Hakuanza na nyumba. Alianza na mtaa. Aliingia kwa mguu kutoka mwisho wake, polepole, mikono mgongoni, akitazama miguu ya kuta za majirani, maana maji yakipanda huacha mstari wake wa tope na mstari haujui kusema uongo. Alitazama mitaro kama imezolewa au imeota majani. Alitazama milango: mtaa ambao saa nne za asubuhi milango yote ina kufuli, alisema, ama watu wake wana kazi ama wanaogopana, na ni wajibu wako kujua ni lipi. Kisha alimtafuta mtu anayefanyia kazi nje, akaomba kiti, akakaa. Anayekaa nje kutwa nzima huona yote, na sikio halilali na njaa.

Ndani alikuwa na desturi zake. Aliweka gololi sakafuni aone inakimbilia wapi. Alifungua makabati, akanusa kama mtu anayetafuta panya aliyekufa. Alichoma miimo ya milango kwa bisibisi kutafuta mchwa. Kuta aliziacha mwisho. Alizigonga kwa kifundo cha kidole cha kati, chenye sugu nene, kichwa amekiinamisha, macho amefumba. Lipu iliyoshika tofali hujibu *ko*, kavu na nyembamba. Lipu iliyoachana na tofali hujibu *bu*. Kila ukuta aliugonga pale alipopachagua, mara moja tu, akatoa hukumu. Ukimwomba arudie alikutazama kama umemtukania mama. "Fundi Sikio hagongi mara mbili," alisema, na watu walilipenda neno hilo, wakawa wanalitumia hata kwenye posa.

Miaka miwili ya mwisho alikuwa mkali. Hakuna nyumba iliyopita mbele yake. Kila aliyoigonga aliikataa, na watu badala ya kushangaa wakazidi kumheshimu, kwa kuwa binadamu humwamini zaidi anayemkataza kuliko anayemruhusu. Yeye mwenyewe alikuwa na maelezo. "Watu walijenga kwa mchanga na maombi," alisema. "Sasa maombi yameisha nguvu."

Hapo ndipo binti yake alipopata nyumba.

Binti huyu ndiye mtoto wake wa pekee, mshonaji, mama wa watoto wawili, aliyehamahama vyumba vya kupanga mpaka cherehani yake ikawa na makovu ya milango ya watu. Alikuwa ametafuta nyumba miaka minne. Hii ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mjane, ambaye nyonga ilimshinda na sasa alikuwa anakwenda kuishi kwa mdogo wake. Ilikuwa na vyumba vitatu na ua, na chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana linalotazama barabara. Binti alikwisha kulipima dirisha hilo kwa utepe wake wa kushonea. Cherehani ingekaa pale, wateja wangemwona wakipita.

"Baba, ukisema ndiyo, nasaini," alisema.

Walianza na mtaa, kama desturi. Fundi akatazama kuta za majirani, akatazama mitaro, hakuona kibaya. Pembeni mwa barabara alikuwepo fundi viatu, kichwa kimeinama juu ya soli, misumari midogo ameibana midomoni. Fundi Sikio akaomba kiti.

"Watu wa hapa wakoje?" akauliza.

Fundi viatu akajibu bila kuitoa misumari. Fundi Sikio akamgeukia binti yake, uso umekunjamana.

"Umesikia mwenyewe? Walevi. Mtaa mzima walevi."

Binti akafungua mdomo. Akamtazama fundi viatu, akamtazama baba yake, akaufunga. Fundi Sikio alikuwa ameshatoa daftari lake na kuandika: *Majirani, walevi.*

Mwalimu aliwapokea kwa fimbo mkononi na kanga aliyoinyoosha kwa pasi. Gololi ilikaa palepale ilipowekwa. Makabati yalinukia sabuni. Bisibisi haikuingia kwenye mwimo hata mmoja. Kisha fundi akafumba macho, akagonga ukuta wa sebule.

*Bu.*

Akaenda chumba cha mbele, chini ya lile dirisha. *Bu.* Chumba cha kati, *bu*. Chumba cha nyuma, *bu*. Moyo ulimwuma, maana alijua binti yake amesimama nyuma yake na utepe shingoni. Lakini fundi anayewahurumia wake hana haki ya kuwakatalia wengine.

"Mtupu, mwalimu," akasema. "Lipu imeachana na tofali nyumba nzima. Mvua mbili tatu, itawaangukia watoto."

Mwalimu hakukasirika. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi mno hata asikasirike upesi. "Fundi," alisema, akiinua sauti kama anayesemea darasani, "marehemu mume wangu alizimwagilia kuta hizi maji asubuhi na jioni, wiki mbili nzima, ndipo zikakauka taratibu. Majirani walimcheka, wakimwuliza amepanda mboga gani ukutani. Haziwezi kuwa tupu. Tafadhali, gonga tena."

"Mimi sigongi mara mbili."

"Hata kwa ajili ya binti yako?"

"Hasa kwa ajili ya binti yangu."

Nje, binti akamshika mkono. "Una hakika, baba?"

"Mwanangu, sikio hili ndilo lililokulisha."

Binti akautoa utepe shingoni, akaukunja, akautia mkobani. "Haya, baba," alisema. "Sikio halipiti kichwa."

Maneno yana miguu. Baada ya wiki moja mji mzima ulijua kwamba nyumba ya mwalimu Fundi Sikio ameikataa hata kwa mwanawe wa kumzaa. Nani tena angeitaka? Wateja wawili waliokuwa wakinyemelea wakapotea. Mwalimu akangoja, nyonga nayo haikungoja, mwisho akamwuzia mtu aliyetaka kiwanja tu.

Wiki ya tano kamba ya kioo cha kunyolea ilikatika nyumbani kwa Fundi Sikio. Akachukua msumari mpya na nyundo, na kabla ya kupigilia, mkono ukafanya ulichozoea. Akaugonga ukuta kwa kifundo.

*Bu.*

Akasimama. Nyumba hii aliijenga yeye mwenyewe. Kila tofali lilipita mkononi mwake, na mkewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyemchotea maji ya kumwagilia, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi. Lipu ya nyumba hii haikuwa na uwezo wa kuachana na tofali. Akagonga pembeni. *Bu.* Akaenda chumbani, akagonga. *Bu.* Akatoka uani, akagonga nguzo ya zege, ambayo ni jiwe gumu hadi kiini chake. *Bu.* Sasa alikuwa anagonga mara mbili, mara tatu, mara kumi, kifundo kikachubuka.

Akarudi ndani, akachukua patasi, akaichimba lipu pale pa kioo. Ilimtoa jasho. Ilikuwa imelishika tofali kama kupe, kipande cha ukubwa wa kiganja kilimchukua nusu saa kukibandua. Alipokibandua alikaa chini na kukitazama mapajani.

Si ukuta uliokuwa mtupu.

Yakamjia yote kwa mkupuo, kama wageni waliokuwa wakingoja mlangoni. Birika lililokuwa likipiga mluzi mpaka likakauka. Simu aliyodhani imeharibika. Sauti nyembamba zilikuwa zimemhama moja baada ya nyingine bila kuaga, na *ko* ilikuwa sauti nyembamba. Akavuta daftari, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Nyumba kumi na moja. Zote *mtupu, mtupu, mtupu*, kwa mwandiko wake mwenyewe uliojiamini. Ya mwisho ilikuwa ya mwalimu.

Hakufunga hata mlango. Magoti yaliyogoma ngazi yakakubali kukimbia.

Alifika jua likiwa kichwani. Paa lilikwisha shushwa, madirisha yamelazwa barabarani, na vibarua wanne walikuwa ndani na nyundo kubwa. Sebule ilikuwa imekwenda. Ukuta wa chumba cha mbele ulikuwa bado umesimama na tundu la lile dirisha pana. Kibarua mmoja, shati limemgandama mgongoni, aliinua nyundo, akapiga, nyundo ikaruka nyuma. Akatema mate.

"Mzee, wewe si fundi? Hebu tuambie, waliojenga hapa walikuwa binadamu? Tuliambiwa ni kuta za kusukuma kwa bega. Hii siku ya tatu!"

Kila neno alilisikia, kwa sababu kijana alikuwa anapiga kelele. Akausogelea ukuta, akaweka kiganja chake bapa juu yake. Nyundo ilipotua upande wa pili, mshindo wake ulimpanda mkono mzima hadi begani, mzito na mmoja, bila mtikisiko wowote wa kitu kilicholegea. Mkono ungemwambia, kama angeuuliza. Hakuwahi kuuuliza, kwa vile sifa zote lilipewa sikio.

Mwalimu alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi viatu ng'ambo ya barabara, fimbo mapajani. Alikuja kuchukua kitasa cha mlango ambacho mumewe alikiagiza kutoka mbali, na akashindwa kuondoka. Fundi Sikio akavuka, akasimama mbele yake kama mtoto aliyechelewa shule.

"Mwalimu, ukuta haukuwa na kosa. Ni sikio. Sisikii."

Mwalimu akamtazama muda mrefu. Kisha midomo yake ikacheza, na nyundo ikapiga, na fundi hakupata kitu. Miaka miwili alikuwa na ujanja wa nyakati kama hizo: angetikisa kichwa, angecheka kidogo, angesema "kweli kabisa." Safari hii alishindwa.

"Sikusikia, mwalimu. Sema tena."

Mwalimu akajisogeza, akasema karibu na shavu lake, taratibu, kama anavyosomewa mtoto wa darasa la kwanza. "Nilijua siku ile kwamba husikii. Nimefundisha watoto wasiosikia. Hutazama midomo kama ulivyonitazama. Ndiyo maana nilikuomba ugonge tena. Nilidhani ukigonga tena utagundua mwenyewe, nisikuaibishe mbele ya mtoto wako." Akakishika kitasa kwa mikono miwili. "Afadhali ningekuaibisha tu. Sasa naona ningekuaibisha."

Fundi Sikio akalia pale barabarani, mtu mzima, mbele ya vibarua. Hakuna aliyemcheka. Fundi viatu aliitoa misumari mdomoni, akaiweka kwenye kopo.

Jioni binti alimkuta kwake amekaa mbele ya tundu la ukutani. Mlango ulikuwa wazi, aliingia bila kupiga hodi. Akatengeneza chai, akaiweka mezani, akachukua shati la baba yake lililokatika kifungo, akatafuta sindano. Fundi akamwambia yote: kioo, nguzo, nyumba kumi na moja, dirisha lake pana lililobaki tundu. Hakujitetea mahali popote. Alipomaliza binti alikuwa hajainua kichwa.

"Hukushtuka," baba akasema.

"Nilikuwa nimesimama pale, baba." Alisema kwa sauti kubwa, akimtazama sasa ili aione midomo. "Fundi viatu alisema watulivu. Watu wa hapa watulivu. Wewe ukasikia walevi."

Fundi akakumbuka ule mdomo uliofunguka ukafungwa.

"Kwa hiyo nilipogonga kuta..."

"Nilijua huenda hukusikia."

"Na nyumba uliitaka."

"Niliitaka, baba. Usiku nilikuwa napanga hata mapazia."

"Sasa kwa nini hukusema, mwanangu? Neno moja tu!"

Binti akainamia shati, akapitisha uzi, akasema kitu. Kilikuwa kirefu kidogo, na mwishoni mabega yake yalitikisika. Fundi aliona hayo yote, ila maneno yenyewe yalibaki kwenye kitambaa.

"Sema tena," akaomba.

Binti akainua uso. Alikuwa ameshaupangusa.

"Si kitu, baba. Nimesema chai yako inapoa."

Fundi Sikio akakitazama kikombe. Chai ilikuwa bado inafuka mvuke.