Kifaranga wa Mdomo Kombo

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, nilipogundua kwamba mmoja wa vifaranga wetu tisa anadonoa bila kula. Mke wangu alikuwa amemwaga chenga za mahindi uani. Wenzake walizimaliza, yeye alizigusa tu. Nilimshika nikamtazama: mdomo wa juu ulielekea kushoto, wa chini kulia, kama mkasi uliolegea. Alikuwa na umri wa wiki tatu. Nilimweka kwenye mizani ninayopimia mbegu za mboga: gramu tisini na nne.

Mimi si bwana mifugo. Ninayoyajua kuhusu kuku nimejisomea mwenyewe, kwenye vijitabu na kwenye simu. Siku hiyohiyo nilitoka Magoma nikaenda Korogwe mjini, nikarudi na bomba la sindano, dawa ya vitamini na mkasi wa kucha. Nilipunguza ncha ya mdomo, nikakata mno, damu ikatoka. Niliizuia kwa majivu. Kila asubuhi na jioni nilimlisha uji kwa bomba. Aliukataa kwa nguvu zake zote. Jumapili, gramu tisini na moja. Jumatatu, themanini na nane.

"Unamtesa," mke wangu alisema. "Asipoongezeka uzito hadi Ijumaa, mchinje apumzike."

Nilikubali, nikaandika "Ijumaa" kwenye daftari la uzito wake.

Jumatano mizani ilisoma tisini na tatu. Niliitilia shaka, nikaijaribu kwa pakiti ya mbegu ya gramu mia. Haikuwa na kosa. Alhamisi, baada ya kumlisha, nilimfuata, daftari mkononi. Alipenya uzio wa minyaa, akaenda moja kwa moja hadi kwa jirani yetu, bibi mjane ambaye hadi leo anatwanga mahindi yake mwenyewe. Kando ya kinu palikuwa na rundo la pumba. Kifaranga alilaza kichwa ubavu, akauzamisha mdomo wa chini kwenye pumba kama mwiko, akainua shingo, akameza. Kisha tena. Nilihesabu mara kumi na nne, hakukosa hata moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umemfuata mgeni wangu?"

"Anakuja hapa tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Kwenu atakula nini, mwanangu? Uani mmefagia mpaka panang'aa kama sahani!" Akacheka. "Na hilo daftari lako, andika: huyu anachota, hadonoi."

Niliandika. Kwenye ardhi ngumu chenga zilimteleza. Alichohitaji ni chakula chenye kina. Mimi nilisoma siku tano bila kuliona hilo, naye alilitafuta kwa miguu yake akiwa na njaa.

Ijumaa nilijaza pumba kwenye bakuli refu. Mizani ilisoma tisini na nane, na kisu kilibaki jikoni.

Sasa ni tetea. Mdomo wake umepishana zaidi kuliko zamani, na ameshatotoa vifaranga mara mbili. Huwa namtazama akila kama ninavyomtazama fundi aliyejitengenezea zana yake mwenyewe.

Pumba alipewa bure. Bomba, vitamini, mkasi na nauli vilinigharimu shilingi elfu kumi na sita na mia tano.