Mke Mwenza wa Mama

Siku hizo nilikuwa nimechoka hata kusalimiana. Nilikuwa nimefunga kibanda changu cha mitumba Isebania nikaja Lambwe kumzika baba, na watu walipotawanyika nikabaki na mama, ambaye alikuwa ameacha kula. Hakusema kwamba ameacha. Aligeukia ukuta tu, na kila nilichompelekea kilirudi jikoni kimepoa.

Nilimpikia uji wa wimbi, nikampikia omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, kwa maziwa, nikaenda hadi Homa Bay mjini kumtafutia samaki mbichi. Wanawake wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba, wakanywa chai yote, wakaenda zao. Mhudumu wa afya alinivuta kando akaniambia kwamba mama asipokula atatuponyoka. Nikarudi jikoni kupika tena, maana sikujua kazi nyingine ya kufanya. Redio nilikuwa nimeizima mwenyewe. Jirani akicheka njiani, nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Kwetu binti hamtanii mama yake. Binti huteka maji, huosha, hunyamaza. Utani ni wa bibi na mjukuu: mjukuu wa kiume ni mume wake, wa kike ni nyieka, yaani mke mwenza, na wakikutana humgombania babu mchana kutwa. Binti yangu, ambaye ni mwalimu Kegonga, aligombana hivyo na mama tangu alipojua kuongea. Lakini babu mwenyewe ndiye tuliyemzika. Kwa hiyo binti yangu alipopata ruhusa ya kuja tena, nilimpokea mlangoni nikamwonya kwamba hii ni nyumba ya matanga, aingie kwa adabu.

Aliitikia vizuri. Kisha akaenda akasimama kando ya kitanda, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Nyieka, kumbe umelala? Nimekuja kuchukua vitu vya mume wangu. Kiti ni changu, koti ni langu. Wewe baki na huo ukuta."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshika mkono nimtoe nje, niko tayari kumzaba kofi na ukubwa wake wote. Mama hakusogea. Halafu kutoka kule ukutani ikaja sauti iliyokauka:

"Ulimpikia nini ndio akuachie koti? Ugali wako ni uji."

Binti yangu akajibu kwamba marehemu aliusifu ugali huo kwa mdomo wake. Mama akasema marehemu alikuwa muungwana, angesifu hata mawe. Akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichomkohoza, na katika kucheka huko akainuka akakaa. Akamwamuru mke mwenzake aende akasonge huo ugali sasa hivi, auonje, kesi iishe.

Alikula. Kidogo, akitoa kasoro kila tonge, lakini alikula. Mimi nilisimama pale, nina furaha na wivu kwa pamoja. Mapishi yangu yote yale yalikuwa yamemshinda, na ugali mbichi wa binti yangu ndio ulioshuka.

Mama akaniona. Akamuuliza mjukuu wake kwa nini nimenuna hivi. Binti yangu akasema nimechoka, na yeye, kwa kuwa ni mtoto wangu, hana ruhusa ya kunitania.

"Basi fanya haraka umzalie mke mwenza," mama akasema, "kabla hajakauka kama omena."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka tu, bila kutaka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na nikiwa pale chini kicheko kikageuka kilio, kwikwi juu ya kwikwi, hata sikuweza kujifuta pua. Binti yangu akapiga magoti aninyamazishe. Mama akamzuia.

"Mwache alie," alisema. "Tangu tumzike baba yake, huyu amekuwa akipika tu."