Noti Iliyopigwa Pasi

Noti ya zamani inanuka. Wanaokuambia ina harufu ya historia ni waongo, au hawajawahi kuishika. Inanuka kwapa, inanuka tumbaku, inanuka sidiria ya bibi aliyeificha humo misimu kumi na mitano ya joto. Nimefanya kazi miaka sita katika duka linalonunua na kuuza pesa za karatasi zilizokwisha kufutwa, zisizotumika tena, na mpaka leo nanawa mikono mara tatu kabla sijagusa chakula. Mume wangu hunitania kwamba sabuni ndiyo mume mwenzake. Na acheke.

Duka lenyewe ni chumba kimoja ghorofani, juu ya mchonga funguo, na kijichumba cha nyuma chenye sinki. Dirisha halifunguki tangu lilipopakwa rangi likiwa limefungwa. Mwenye duka tunamwita Bwana Kibano. Hagusi noti kwa vidole hata siku moja. Anaishika kwa kibano cha chuma, anaiinua kwenye taa, anaigeuza taratibu mpaka mteja ajue yuko mbele ya mtaalamu. Mteja akitoka tu, anachokonoa meno kwa kibano hicho hicho. Siku nyingine sikio. Nilishamsema, akanijibu kwamba chuma hakishiki uchafu. Ptuu!

Kazi yangu ni kupokea simu na kuandika vibandiko, maana nina mwandiko mzuri. Vibandiko ni vya namna nne: Mpya, Safi, Imetumika, Imechakaa. Neno lenye pesa ni hilo la kwanza. Kwetu sisi noti mpya ni ile isiyowahi kukunjwa wala kupita mikononi mwa watu, imebaki vile vile ilivyotoka mtamboni, hata iwe na umri wa babu yako. Ukiiosha umeiua. Rangi inafifia, karatasi inalegea, na mtu anayejua kazi akiimulika ubavuni anaona kila kitu. Hayo nayajua hata usingizini. Mama yangu mdogo hakuyajua, na mimi sikumwambia.

Huyu mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, na ni dobi. Miaka thelathini amefua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, na suruali za nusu ya maofisa wa mji wake. Walimpa jina la Mama Mkunjo kwa sababu mkunjo wake wa suruali unakaa wiki nzima hata mwenye suruali akilala nayo. Hakusoma sana, hajui kubembeleza mtu, na akikuona na kola iliyojikunja anakuvua shati hapo hapo mbele za watu. Aliwahi kumvua bwana harusi.

Mwaka jana macho yalianza kumwisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Akaunguza shati moja, akaunguza shuka, kisha akaunguza gauni la mgeni, na meneja wa nyumba ya wageni akamwambia kistaarabu kwamba ana mpaka mwisho wa mwezi ufuatao, atibiwe au apumzike. Hospitali walimtajia bei: laki nne kwa jicho. Mjane, dobi, laki nne atazitoa wapi? Sisi ndugu tulichanga tukaishia elfu sitini, na nusu yake ilikuwa ahadi.

Hapo ndipo picha ya harusi yake ilipoanguka ukutani. Kioo kikavunjika, na nyuma ya picha akakuta noti ambayo marehemu baba mdogo aliificha bila kumwambia mtu. Akanipigia simu dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeokota pesa ya marehemu. Ya bluu, pana kama leso, ina picha ya daraja. Mwenzangu anayenisomea anasema ni mia moja."

Noti ile ilitoka miezi michache tu ikafutwa, na Bwana Kibano alikuwa akiitafuta tangu nimjue. Nikamuuliza ikoje.

"Ina mkunjo mmoja katikati na kidoa cha kutu pembeni, nadhani cha msumari. Ina thamani?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama mbele yangu, mmoja anagongagonga kioo kwa pete. Nikasema haraka, kwa ile sauti yangu ya dukani: "Mama, hivyo ilivyo ni laki nne. Ikiwa mpya, laki nane. Ilete Alhamisi." Nikakata simu.

Ikiwa mpya. Maneno mawili tu! Mimi nilimaanisha kama ingekuwa haijaguswa. Yeye alisikia kwamba akiifanya iwe mpya atapata macho mawili badala ya moja. Sasa mwambie dobi wa miaka thelathini kwamba kitu kikiwa kipya kitaongezeka bei, halafu tegemea akae amekunja mikono.

Alhamisi alipanda ngazi zetu akipapasa ukuta, amevaa vizuri, amebeba kitambaa cheupe kilichokunjwa kama cha kanisani. Akakifungua mezani. Kabla sijaiona noti niliisikia harufu. Sabuni ya mche, na wanga.

"Mama," nikasema, "umefanya nini?"

"Si ulisema ikiwa mpya?" Alikuwa anatabasamu. "Kutu nimeitoa kwa ndimu. Nikaisuuza maji matatu, nikaitia wanga kidogo sana, nikaipiga pasi kati ya vitambaa viwili. Guso tu, kwa moto mdogo. Mkunjo utautafuta mpaka uchoke."

Nilikosa pa kuuficha uso wangu. Nilikuwa najichukia mwenyewe, siyo mtu mwingine. Bwana Kibano akasogea, akaishika noti kwa kibano chake cha meno, akaimulika mbele, nyuma, ubavuni. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Hii imekufa, mama. Hii ni maiti iliyovishwa nguo. Lakini kwa kuwa ni wewe, mama wa binti yetu, nitakupa elfu thelathini."

Tabasamu lilimtoka polepole. Akaniuliza mimi, siyo yeye: "Kwa hiyo hata lile jicho moja halipo?" Nikamwambia halipo. Akapokea elfu thelathini, akasema ahsante sana bwana, akaomba radhi kwa kuharibu. Akaomba radhi! Nilimsindikiza mpaka chini, nikashindwa kumwambia ukweli kwamba kosa lilianzia mdomoni mwangu.

Ijumaa asubuhi nikakuta noti ya daraja katikati ya kabati la kioo, ndani ya bahasha ya plastiki.

"Andika kibandiko," akasema Bwana Kibano. "Mpya."

"Jana si ulisema maiti?"

"Jana nilikuwa nanunua." Hakuinua hata macho. "Mama yako ana mkono wa ajabu. Mimi mwenyewe kidogo anipate."

Nilitaka kumtupia kalamu usoni. Ningeweza kusema sitaki, nikachukua mkoba wangu nikashuka ngazi. Ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa, na hilo siyo jibu, ni kisingizio, lakini ndicho nilichokuwa nacho. Nikaandika. Herufi nne, tena kwa mwandiko safi kabisa. Jioni akaja daktari wa meno mstaafu, mnunuzi wetu mkubwa, jitu lenye tumbo na vidole vilivyolowa jasho. Akaitazama kwa lenzi yake, akalipa laki nane.

Jumapili nilikwenda kwa mama mdogo kumweleza yote, pamoja na ile simu. Nilitegemea alie, au anipige. Alikuwa anapiga pasi kwa kupapasa, kidole kinatangulia, pasi inafuata. Akaisimamisha pasi.

"Huyo daktari ana macho mazima?"

"Mazima. Na lenzi juu yake."

"Na hakuona mkono wangu?"

"Angeona asingelipa."

Akacheka. Wallahi alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka kwenye macho yale yenye ukungu. Kisha akasema kesho twende wote dukani. Mimi nikajua moto unawaka, na nilifurahi. Usiku kucha nilipanga maneno ya kumpasulia Bwana Kibano mbele ya wateja, hata ile habari ya sikio nilikuwa naitoa.

Jumatatu mama mdogo aliweka pasi yake juu ya kabati la kioo, ko!, akasema: "Wewe bwana, hiyo moja umenila. Haya. Unazo nyingine chafu?"

Bwana Kibano akanitazama, akamtazama, akaelewa kabla yangu. Akafungua mtoto wa meza. Zilikuwamo kama mia mbili, zimechakaa, zina mafuta, zina madoa nisiyotaka kuyajua.

"Laki nane," mama mdogo akasema, "macho yote mawili, leo, mkononi. Nikipona nakufulia hizo zote."

"Mama!" nikamshika mkono. "Huu ni wizi!"

"Niache. Miaka thelathini nafua uchafu wa wageni na wake za watu. Kuna siku uliniuliza ni uchafu wa nani?"

Walielewana kwa dakika kumi. Mimi maneno yangu yote niliyoyapanga hayakupata nafasi, nikabaki kama mjinga kwenye harusi ya watu.

Akapasuliwa jicho la kwanza, akaanza kufua bila kungoja, na wiki tatu baadaye la pili. Nyumba ya wageni walishampata mwingine. Sasa kijichumba cha nyuma kina beseni, kamba, na noti zimeanikwa kwa vibanio vya nguo, zinadondosha maji ya rangi ya chai. Ile harufu ya noti, wanga ukichanganyika nayo, inapanda, unaisikia kooni, na chakula cha mchana siku hizi nakilia nje kwenye ngazi.

Siku ya kwanza aliyokuja na macho yake mapya alinitazama sana. Akasema nimekonda, akaninyoosha kola. Kisha akainama juu ya kabati la kioo, akaitazama moja ya noti zake za mwanzo, aliyoifua alipokuwa na jicho moja, tayari ina kibandiko. Akaitoa, akaigeuza kidogo kwenye mwanga. Hakutumia lenzi.

"Lakini hii inaonekana," akasema. "Mkunjo huu hapa. Rangi imekwenda, huku kote. Ile ya marehemu ilikuwa hivi hivi?"

"Ilikuwa hivi hivi."

"Sasa yule daktari hakuona nini?"

"Aliona, mama. Ameshaiuza. Laki kumi na mbili, na kibandiko chetu juu yake."

Macho yake yalikuwa maangavu na safi, sikuwa nimeyaona hivyo tangu nikiwa mtoto.

"Na wewe?" akaniuliza. "Siku ile unaandika, uliona?"

Bwana Kibano aliita kutoka nyuma kwamba tatu zimekauka, anataka vibandiko. Nikavuta kalamu, nikaanza na cha kwanza: Mpya, naye mama mdogo amesimama pale pale anausoma mkono wangu unavyoandika.