Mama Sikukuu na Viti vya Mumewe

Mtaa mzima ulimwita Mama Sikukuu, na aliyeanzisha jina hilo ni mumewe mwenyewe, kwa utani. Wanawake wengine huitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Hawa wawili hawakujaliwa mtoto, basi mume akasema mke wake anazaa sikukuu, tena kila mwaka, na wala hachoki. Mke alicheka mpaka akakaa chini, na jina likashika.

Mume naye aliitwa Mzee Viti, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukodisha viti na mahema. Ua wao ulijaa viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka vikaziba dirisha la jikoni, na maturubai yaliyokunjwa huku yakinuka vumbi na mvua ya zamani. Harusi, msiba, mahafali, mkutano wa chama, kote alikuwepo; alifika kabla ya watu, akaondoka baada ya watu, na kesho yake mgongo ulimtesa. Alikuwa mtu wa kununa lakini si wa kugomba. Dini hakuwa nayo, wala hakuwa na ugomvi nayo. Baba yake alikuwa mlevi ambaye hakumfundisha kitu isipokuwa kufunga kamba, na kwa kazi ya mahema hicho kilimtosha.

Mwenye hamu ya sikukuu alikuwa mkewe. Idi ikifika, mama wa watu keshaoga alfajiri, kavaa gauni lake la kijani, yuko kwa fundi cherehani anakoroga sufuria pamoja na mke wa fundi. Krismasi alianzia kanisani, benchi la nyuma, akiimba nyimbo asizozijua kwa sauti asiyoionea haya, kisha huyo kwa mwalimu mstaafu kuosha vyombo. Ikija Diwali, sikukuu ya taa, kwa mwenye duka la vitambaa, ni yeye aliyepanga taa ngazini na kuwafukuza paka. Na kote huko hakuna aliyemwalika. Alipiga hodi, akavua viatu, akauliza kisu kiko wapi. Mzee Viti alimfuata nyuma na zawadi mkononi, sura yake ya mtu anayepelekwa kung'olewa jino, ingawa chakula kikitua mezani yeye ndiye wa kwanza kunyoosha mkono.

Walipokuwa bado wapya katika ndoa, alimuuliza kwa nini hangoji kuitwa kama watu wengine. Mkewe alimjibu huku akipiga pasi lile gauni. Baba yake alikuwa wa dini moja, mama yake wa nyingine, na wote wawili walifariki akiwa mdogo, ndipo akalelewa huku na huku. Sikukuu ya upande wa baba ikifika, shangazi alimwambia hiyo si yake, aende kwa wenzake. Ikifika ya upande wa mama, mjomba naye alimwambia vivyo hivyo.

"Kwa hiyo sikukuu zote nilizimalizia njiani," alisema, "na kigauni changu kisafi. Nikaapa kwamba nikikua sitauliza tena wenzangu ni kina nani. Mlango ukiwa wazi, naingia."

Tangu siku hiyo Mzee Viti aliendelea kununa, maana ndivyo alivyoumbwa, lakini hakukataa kwenda hata mara moja.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka mapafu ya mama yakaanza kumsumbua. Alilazwa, akarudi, akalazwa tena, na mara ya mwisho Mzee Viti alirudi peke yake akiwa amekumbatia mfuko wa nguo za mkewe. Hakujua afanye nini na mikono yake. Akafanya anachokijua, akasimamisha hema. Alichukua lile kubwa kuliko yote, akatoa viti vyote uani, hata vile vyenye miguu aliyoiunga kwa waya, akavipanga safu kwa safu mpaka barabarani. Dereva wa pikapu yake, kijana mwenye adabu, alimuuliza taratibu kama havijazidi.

"Mtaa mzima umekula mkononi mwake," akajibu. "Usishangae vikipungua."

Watu walifika, lakini waliishia getini. Fundi cherehani alimshika mkono, akampa pole, akasikia kwamba mazishi ni kesho, akajua basi marehemu ni wa kanisani. Mwalimu mstaafu alikuja, hakuona padri wala kwaya, akajua wa msikitini wako njiani. Mwenye duka alileta kitambaa cheupe kizuri sana, akakikabidhi kwa mikono miwili na kuondoka haraka, asije akakanyaga taratibu za watu. Hakuna aliyekuwa na moyo mbaya. Kila mmoja alirudi nyumbani akawaambia watu wake kwamba wasiwaingilie wafiwa, wenzake huyu mama wapo na wanajua la kufanya.

Mzee Viti hakuyajua hayo. Alichokijua ni kwamba alikaa safu ya mbele kutwa nzima, akisikia turubai likipigwa na upepo, na kila alipogeuka nyuma aliona viti vyake. Vilimuuma viti vile. Alitamani angeweka vichache, angalau vionekane vimekaliwa.

Makaburini walikuwa yeye, dereva na wachimba kaburi. Mkubwa wa wachimbaji alivua kofia, akauliza ni nani atakayesema maneno. Mzee Viti akageuka kutazama barabara.

"Tusubiri kidogo," akasema.

Wakasubiri. Mchimbaji alikohoa, akavaa kofia, akaivua tena. Mwishowe Mzee Viti alisogea ukingoni, akainama kama anayemnong'oneza mtu aliyelala, akamwambia, "Mlango uko wazi, mke wangu. Ingia."

Aliporudi nyumbani alivifuta viti vyote kwa kitambaa cha maji, kimoja kimoja, kama kawaida yake baada ya shughuli, ingawa hakuna aliyekuwa amevikalia.

Idi ilipofika, fundi cherehani alihitaji viti. Mzee Viti alivipeleka, kazi ni kazi, akavipanga na kugeuka aondoke. Fundi akamzuia, akamwomba akae walau anywe chai. Mwalimu mstaafu na mwenye duka walikuwa wamekwisha kaa, kwa kuwa miaka yote ile Mama Sikukuu alikuwa amewazoesha kutembeleana, mmoja leo, mwingine kesho. Wakamtaja, wakasikitika, wakasema nyumba imepoa bila kelele zake. Ndipo mwalimu, kwa heshima kabisa, akamshukuru fundi kwa namna yeye na wenzake walivyomzika yule mama.

Fundi akaweka kikombe chini. "Sisi? Si mlimzika nyinyi?"

Mwalimu akamtazama mwenye duka. Mwenye duka akatikisa kichwa. Kisha wote watatu wakamtazama Mzee Viti, na hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Fundi alifunika uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, na machozi yalimtoka mbele yao bila kificho. Mzee Viti naye alikuwa ameelewa sasa. Aliwaza shangazi na mjomba, na kigauni kile kisafi njiani, na moyo ukamshuka kuliko siku ya mazishi.

"Mzee mwenzangu," fundi akasema, "mbona hukutuita?"

"Na yeye," akauliza Mzee Viti, "mlimwita lini?"

Aliuliza bila hasira. Alisimama, akavaa viatu vyake mlangoni.

Mke wa fundi alikuwa ametoka jikoni na sahani mbili zilizofunikwa, moja juu ya nyingine, zile alizowafungia Mzee Viti na mkewe kila mwaka wakale jioni. Mikono ilikuwa imezifunga yenyewe kwa mazoea. Alipomwona mlangoni amesimama peke yake akashtuka, akaanza kuirudisha nyuma ile ya juu, akisema samahani, baba, nilisahau.

"Usitoe," Mzee Viti akamwambia. Akazipokea zote mbili, akashika njia ya kwake.