Dada Alipokuja Bila Kupiga Simu

Kazi yangu ni kuwafundisha watu kukaribisha watu. Nazunguka kwenye hoteli za hapa Arusha, nawakusanya wapokea wageni na wahudumu wapya, nawaonyesha namna ya kusimama, namna ya kutazama, namna ya kusema karibu mpaka mgeni aamini kwamba amekaribishwa kweli. Huwa nawaambia, mgeni njoo, mwenyeji apone, nao wanaandika kwenye madaftari. Nalisema hili mapema ili anayetaka kunicheka anicheke sasa hivi, kwa sababu huko mbele mimi mwenyewe sijaona pa kucheka.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Amenizidi miaka kumi na minne, na mama alipofariki nilikuwa bado sijaanza shule. Nyumbani kwetu ni juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, ambako migomba imeifunika nyumba kiasi kwamba mgeni haioni mpaka afike mlangoni. Ndiyo maana watu walikuwa wakianza kupiga hodi tangu huko barabarani, na dada akiitikia akiwa jikoni bila hata kujua ni nani. Hakuna aliyetoa taarifa kwamba anakuja. Dada alipopika alizidisha ndizi mbili tatu kwenye sufuria, za mtu ambaye bado hajafika, na asipofika tulizila asubuhi.

Kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Mgeni haulizwi alichofuata. Anapewa kiti, anapewa maji, analetewa chai au bakuli la loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, anaulizwa habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Akishakula na kushusha pumzi ndipo baba anasema, "Haya, lete maneno." Ukimuuliza mtu shida yake akiwa amesimama, umemwambia aseme haraka aondoke. Kwa hiyo aliyeulizwa akiwa amesimama hujibu kwamba hana shida, amepita tu kusalimia, hata kama nyumba yake inaungua.

Sitaki kuipamba zamani kuliko ilivyokuwa. Nakumbuka jirani mmoja alikuja akala loshoro lake lote taratibu, akasifu maziwa, akafuta mdomo, ndipo akatuambia kwamba ng'ombe wetu mwekundu ametumbukia korongoni. Tulipofika alikuwa ameshakufa. Mimi nililia kwa hasira, nikamuuliza baba kwa nini yule mzee hakusema tangu mlangoni. Baba alinijibu kwamba kwa anguko lile ng'ombe alikufa papo hapo, na mtu anayeletewa habari mbaya anastahili kuletewa na mtu aliyekaa. Sikukubali, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa "sema unachotaka, twende."

Nikasoma, nikapata kazi, nikajenga Njiro, nyumba yenye ukuta na geti. Dada hakubadilika. Karibu kila mwezi, Jumamosi, akishauza ndizi zake soko la Tengeru, alipanda gari akaja kwangu na mkungu wa ndizi mshare na kibuyu cha maziwa mgando, bila kupiga simu. Simu alikuwa nayo, ile ndogo ya tochi. Kumpigia mtu kumwambia "nakuja kwako" aliona ni kama kumwomba ruhusa ndugu yako mwenyewe. Mimi nilikuwa nikifurahi, kisha nikawa nikivumilia, na sijui ni lini hasa nilitoka huku nikaingia kule.

Jumamosi ile ilikuwa wakati wa masika. Nilikuwa na wageni, mkuu wangu wa kazi na wenzake wawili, na nilikuwa nimehangaika na chakula chao tangu asubuhi kama mwali anayepimwa. Geti likagongwa. Nilipofungua ule mlango mdogo nikamkuta dada, mkungu kichwani, kibuyu mkononi, kanga imelowa, tope hadi kwenye muundi. Haikuwa imefika hata saa tano. Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza kwa nini amefika mapema hivyo, maana saa hizo soko ndiyo linachangamka, na yeye hakuwa mtu wa kuliacha soko.

"Shikamoo dada," nikasema, mkono mmoja ukiwa bado umeshika mlango. "Kuna nini?"

"Marahaba mdogo wangu. Hakuna kitu. Nimepita kukuona tu."

Nyuma yangu, barazani, wageni walikuwa wamenyamaza kutusikiliza. Nikaona aibu, na aibu kwangu hugeuka ukali, hiyo ndiyo tabia yangu tangu utoto.

"Dada, siku hizi watu hawaendi tu kwa watu. Mtu unapiga simu kwanza, unauliza kama nina nafasi. Hapa siyo kijijini."

Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti ileile laini ninayoifundisha hotelini, ile ya kumwambia mteja kwamba vyumba vimejaa. Dada aliutua mkungu taratibu akauegemeza ukutani, na kibuyu akakiweka juu yake kisimwagike.

"Nimekosea," akasema. "Hizi ziingize ndani, zisinyeshewe."

Akageuka akaondoka. Mimi nikaziingiza ndizi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko maneno yenyewe, kwamba yeye nilimwacha nje nikaingiza ndizi, na kesho yake tukazipika tukazila, nikasema ni tamu.

Mwezi uliofuata hakuja. Nitasema ukweli: Jumamosi ya kwanza nilipumua. Ya pili nikasema ni mvua. Nilipompigia alipokea vizuri tu, akaniuliza habari za wanangu, akasema wote wazima, akaniaga. Hakununa wala hakulalamika. Akawa ananijibu kama mtu anayejibu ofisini, kifupi na kwa heshima, kama nilivyotaka mwenyewe. Kabla ya hapo simu zake zilikuwa hazina mwisho, mara kuku kataga kwenye kikapu cha nguo, mara mchungaji kahubiri mpaka watoto wakalala. Nilikuwa nikiweka simu mezani nikaendelea na shughuli zangu huku nikiitikia "ehee." Sasa nikaanza kuzitamani zile habari za kuku.

Mwezi wa saba nikaamua kuomba msamaha. Kwetu aliyekosa hupeleka jani la isale, na aliyekosewa akilipokea, yameisha. Kulikataa isale ni mwiko, hata kama moyo haujataka. Kwenye bustani yangu upo mmea wa isale, aliyeipanga bustani aliupanda kwa ajili ya urembo. Nami nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nakaza meno. Nikalipiga picha jani lake. Sikulikata hata hilo jani. Nililipiga picha likiwa limesimama mtini, nikaituma kwenye simu ya mkwe wake, mke wa mwanawe anayeishi naye, nikaandika, "Mwonyeshe mama, mwambie naomba yaishe." Baada ya muda mkwe akajibu, "Mama anasema ameona, asante." Nikajisikia mwepesi, nikarudi kazini kwangu kufundisha.

Lakini Jumamosi zikaendelea kupita. Ilipofika Septemba nikakata isale tatu nzuri, nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda. Sikupiga simu. Nilianza kupiga hodi tangu barabarani, na sauti ya dada ikaitikia kutoka jikoni, "Karibu, pita," bila kujua ni nani.

Alipotoka nilipiga goti, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. "Shikamoo dada. Nilikukosea getini kwangu, na nikakukosea tena kwa ile picha. Nisamehe."

Akanyoosha mkono. Mkono ukapita pembeni ya majani, ukanigusa kifundo cha mkono, ukarudi ukipapasa mpaka ukayapata. Nilidhani amesita kupokea. "Marahaba," akasema. "Yameisha. Inuka, utachafua sketi."

Nilipoinuka nikamtazama vizuri usoni, na jicho lake la kushoto halikuwa likinitazama.

"Dada, jicho lina nini?"

"Kaa kwanza."

"Dada, nakuuliza jicho."

"Nawe kaa. Chai ipo jikoni."

Nikakaa. Akaniletea maji, akaniletea chai na ndizi za kuchemsha, akaniuliza habari za kila mtu hadi jirani yangu ambaye mimi mwenyewe simjui sawasawa. Nilimeza chai ile ya moto hata ulimi ukaungua, ili tu kikombe kiishe. Akasubiri. Nilipokiweka chini ndipo akaeleza, bila haraka na bila kunitazama.

Ni presha ya macho. Wakati wa masika daktari alimwambia jicho la kushoto linatakiwa lifanyiwe upasuaji upesi, aje na ndugu wa karibu. Yeye hajawahi kulazwa, hata watoto wake wote aliwazaa nyumbani. Aliogopa kisu na aliogopa zaidi kulala hospitali peke yake. Wanawe hakutaka kuwatia hofu. Akaacha soko siku ile akaja kwangu asubuhi kuniomba niende naye, nimshike mkono mpaka atakapoingia. Baada ya kutoka kwangu akajiambia atasubiri kidogo apate moyo. Alipokuja kuupata, akaenda na mkwe, ilikuwa mwezi wa sita, na daktari akasema jicho hilo limeshachelewa. Sasa anatia dawa ya matone kulilinda la kulia.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. Nililiuliza nikilia, na nilikuwa najua jibu.

"Ningesema wapi?" akajibu. "Pale getini?"

Hakulisema kwa ukali. Ningeona afadhali angelisema kwa ukali. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa na wageni, kwamba sikujua, kwamba angenipigia baadaye, na kila neno nililolipata lilikuwa la kujitetea, nikayaacha yote. Isale zilikuwa mapajani mwake, amezipokea, na kwa mila yetu mimi ni mtu aliyesamehewa. Sijui kama alisamehe yeye au alitii mwiko tu, na si mtu ninayeweza kumuuliza hilo.

Siku hizi mtu akigonga kwangu nafungua geti lote. Najifunza kunyamaza mpaka chai iishe, na bado mara nyingi nashindwa, nasikia mdomo wangu ukisema "kuna nini" kabla mtu hajakaa. Hotelini nimeacha kufundisha ile sauti laini ya vyumba vimejaa.

Alasiri ile nilimwomba asinisindikize, akakataa kukatazwa, akajitanda kanga tukatoka. Njia ya kwetu imepakana na mfereji, na mfereji ulikuwa umejaa. Nikajiweka upande huo, kushoto kwake, ili asije akateleza, nikawa natembea nikimwangalia miguu na kujiona walau sasa nafanya la maana. Nilikuwa nikimweleza kwamba nitampeleka kliniki kila mwezi mimi mwenyewe. Hatujafika mbali dada akasimama, akageuza kichwa chote akinitafuta.

"Njoo upande huu," akasema. "Huko sikuoni."