Kiti cha Rubani

Ndege zangu zote hazikuwa na mtu ndani. Nilizitengeneza kwa bati la makopo ya mafuta ya kupikia na mbao nyembamba za masanduku ya chai, kwa kipimo cha moja kwa thelathini na mbili, hivi kwamba ndege ya kivita ya mita kumi, kwangu mimi, ilizidi kidogo tu urefu wa rula ya shule. Kwenye chumba cha rubani niliweka kila kitu. Saa za mbele ya rubani nilizichora kwa ncha ya sindano, usukani ukawa wa waya, na kiti nikakifungia mikanda niliyoikata kwenye utepe wa cherehani. Kisha nililainisha plastiki angavu juu ya jiko la makaa, nikaivuta juu ya kibao nilichokichonga, ikawa kifuniko cha kioo. Ukichungulia ndani, uliona mikanda imelala kitini bila mtu wa kuifunga.

Hiyo ilikuwa amri ya baba. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa dini asiyependa makuu, na siku aliyoiona ndege yangu ya kwanza aliigeuzageuza akasema haina roho, kwa hiyo haina neno. "Lakini mtu usimtengeneze," akaniambia. "Kutia sura ya kiumbe si kazi yako." Nikamwahidi. Hakumaliza mwaka, Allah amrehemu, na ahadi ya marehemu huwezi kurudi ukaijadili.

Tulikuwa Garissa, miaka ya tisini ndiyo inaanza, nami sikuwa mtoto. Nilikuwa na ndevu na kazi katika duka la hadiweya, nikiuza misumari, rangi na kufuli. Tajiri wangu hakuchoka kunichekea mbele ya maofisa waliohamishiwa kwetu kutoka sehemu nyingine za Kenya, akiwaambia kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali: "Huyu ni biloti wa makobo. Mtu msima, bado nacheza." Niliudhika, nisiseme uongo. Mtu anaweza kuketi anatafuna miraa mchana kutwa na akaitwa mwanamume, ila mwenye kupima bawa kwa rula ndiye anayechekwa. Siku hizo ndege za misaada zilipita juu yetu kila mara zikielekea Wajir na Mandera. Watu walizitazama wakifikiria mahindi na mafuta, nami nilitazama bawa lilivyoshikana na mwili. Niliona uzuri mtupu. Sikuwahi kupigwa na ndege.

Ndipo akaja mama mdogo. Aliolewa zamani katika mji mmoja wa kaskazini mwa Somalia, na sisi watoto tulimjua kwa sauti tu, kwenye kanda alizotutumia za salamu. Alifika akiwa mjane, baada ya kukaa kambini Ethiopia, akavuka Mandera na kushuka kwa malori kupitia Elwak na Wajir, na mzigo wake wote ulienea katika furushi moja. Nilimwita habaryar, yaani mama mdogo, naye kwa desturi yetu akaniita mimi habaryar vilevile. Jina hilo likirudishwa hivyo lina upole wake.

Mama ndiye aliyenieleza yaliyompata. Ndege za serikali yao wenyewe ziliupiga mji wao mabomu, na binti yake wa pekee, mtoto wa miaka saba, akafia uani. Lakini habaryar hakumtaja binti yule hata mara moja. Kila alipofungua mdomo alisimulia habari za rubani. Alizisimulia kwa muuza maziwa, kwa majirani, kwa mtu yeyote aliyekaa kitako: ndege ilishuka chini sana, akauona uso wa aliyeiendesha. Watu walimpa pole, wakasema ndege zile ziliwamaliza wengi. Hapo alikuwa mkali. "Ndege, ndege, kila mtu ananitajia ndege! Ndege inamjua nani?" Usiku hakulala, na chakula alikigusa kwa heshima ya mama tu. Mama alikonda pamoja naye. "Dada yangu yuko hapa," aliniambia, "lakini yule mtu hajamwachilia."

Mama aliniamuru nifiche ndege zangu. Nilizifunga kwa shuka nikazisukuma chini ya kitanda huku nikinung'unika. Iliyokuwa karibu kumalizika niliitoa kwenye gazeti kuukuu la Kiingereza lenye michoro ya ndege kutoka juu, ubavuni na mbele: ndege ya zamani, pua wazi kama kopo lisilo kifuniko, mabawa yamelala nyuma. Niliichagua kwa sababu mwili wake wa mviringo ulikuwa rahisi kuukunja kwa bati.

Alasiri moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta habaryar ameketi mkekani chumbani mwangu, ufagio kando, ndege ile mapajani. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Ni hii," alisema kwa utulivu. "Yuko wapi mtu wake?"

"Haina mtu, habaryar. Baba alinikataza."

"Umemwekea kiti. Umemwekea mikanda. Nani alikuwa anafungwa na mikanda hii?"

Nikachungulia kiti kile.

"Muweke," akasema. "Watu waone kwamba palikuwa na mtu. Nionyeshe kwamba unaniamini."

Nilimwamini, wallahi nilimwamini. Lakini ahadi nayo ilibaki ahadi. Kwa siku kadhaa niliuza misumari nikikosea hesabu, huku tajiri akiuliza kama nimepata mchumba. Mwishowe nikakumbuka nilichofundishwa madrasani, kwamba sura ni kichwa, na kisicho na uso si sura. Nikashika koleo na waya. Nikamtengenezea mtu mwili, nikamvika suti ya kitambaa cha kijivu, nikamkunja magoti, nikamfunga mikanda. Kichwa nilikitengeneza kwa nta ya mshumaa, kama punje ya mbaazi, nikakivika kofia ngumu nyeupe. Mahali pa uso nikapaacha laini.

Nilimpelekea habaryar ndege ile siku ya Ijumaa baada ya swala ya alasiri, bado sijaibandika kioo. Alikuwa mlangoni penye mwanga. Mama alikuwa kando yake anapepeta mchele. Habaryar alimtazama mtu yule kwa muda mrefu.

"Na uso?"

"Hapo siwezi," nikasema. "Nisamehe. Hapo baba ananishika mkono."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alininyooshea kiganja. "Nipe sindano. Mimi sikumwahidi mtu. Uso wake naujua, nitamtia mwenyewe."

Nilimpa sindano yangu nyembamba kuliko zote. Mama aliacha kupepeta. Habaryar alikichomoa kichwa kile, akakishika kati ya vidole viwili, akakisogeza karibu na macho, akatoboa jicho la kwanza. Mkono wake ulikuwa imara kunishinda mimi. Akaweka ncha mahali pa jicho la pili, akasita. Akaiondoa. Akaiweka tena.

"Macho yake," alisema, kana kwamba anatuuliza sisi.

Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi kwa matusi. Habaryar aligeuza kichwa kile upande huu na upande ule, na nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo. Alijaribu pua, akaifuta kwa ukucha. Alijaribu mdomo. Nta ilianza kulainika vidoleni mwake.

"Sikumwona," akasema.

Mama akamwita kwa jina lake la utotoni, polepole. Habaryar hakumsikia.

"Sikumwona huyu mtu. Ningemwonaje? Sikuwa natazama juu mimi." Sauti yake ilikuwa ya mshangao tu, hakukuwa na kilio ndani yake. "Nilikuwa namtazama mtoto."

Akaifinya nta ile mpaka ikawa bapa, na kofia nyeupe ikaanguka mkekani. Hakuna aliyeiokota. Mimi ndiye niliyeanza kulia, mtu mzima na ndevu zangu, na sikuona haya.

"Alikuwa anaosha bilauri za chai," habaryar akasema. "Nilimwambia aache, akakataa. Alipenda kuosha kwa sababu ya maji. Alikuwa akiimba vibaya, maneno yanatoka na upepo, kwa sababu alikuwa ameng'oka meno mawili."

Mama alisukuma ungo pembeni, akajivuta mpaka goti lake likagusana na la mdogo wake. Mama hakuwahi kumwona mtoto yule, hata kwa picha.

"Meno gani?" akauliza.

Habaryar akafungua mdomo, akatuonyesha kwa kidole kwenye meno yake mwenyewe.