Fungu la Mama

Kwetu rozari tunasali kwa simu. Baba na mimi tuko Goma, ndugu wengine wako Bukavu na Butembo, na barabara kati yetu si za kupita kila unapotaka. Kwa hiyo Mama alipanga mambo: kila jioni baada ya chakula, kila mmoja wetu kwa zamu anarekodi fungu lake, Salamu Maria kumi, anatuma kwenye grupu la familia, na wengine wanasali naye kila mtu alipo. Fungu la tatu lilikuwa la Mama. Alisali mbiombio kama mtu anayeogopa umeme utakatika, ila kila alipofika kwenye neno "sasa" alisimama, akavuta pumzi, ndipo akamalizia "na saa ya kufa kwetu" kwa sauti ya chini. Nilimtania kwamba sehemu hiyo anamficha Mungu. Hakuwahi kuicheka.

Alipofariki hatukumwondoa kwenye grupu. Baba ndiye mwenye uwezo wa kuondoa watu humo, na alisema mwenye nyumba hatolewi wakati kilio hakijaisha. Kilio kikaisha, bado hakumtoa. Fungu la tatu tukaliacha wazi: baada ya la pili tunakaa kimya kiasi cha Salamu Maria kumi, halafu la nne linafuata. Simu yenyewe ya Mama ilipotea siku za msiba, viti vya kukodi vikiwa vimejaa hadi barabarani. Hatukuitafuta. Nani anatafuta simu akiwa na maiti sebuleni?

Jioni moja, wakati wa kimya chetu, ujumbe wa sauti uliingia kutoka namba ya Mama. Picha yake ilikuwa ileile, kitambaa cha kijani kichwani. Baba aliubonyeza kabla sijamzuia.

Hapakuwa na neno. Kulikuwa na pumzi. Kulikuwa na mtu anayetembea juu ya kokoto za volkano, hizi zetu nyeusi zinazolia chini ya viatu, kisha akasimama. Kwa mbali kengele ya parokia iligonga, na ilikuwa kengele yetu, ile yenye ufa. Kimya hicho kilidumu kiasi cha fungu moja, kikaisha.

Niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika. Nilimfokea Baba kwa nini amefungua. Yeye alikuwa akiusikiliza tena, simu sikioni.

Tangu hapo kimya kile kilikuja kila jioni, kwa zamu yake, bila kukosa. Sisi tulimwachia Mama kimya, na huyo, nani sijui, alikuwa akiturudishia. Mafungu yetu nayo alikuwa akiyasikiliza, maana ile alama ndogo ya maikro ilikuwa inageuka bluu. Ngozi ilinisisimka kila mara. Lakini Baba, ambaye tangu mazishi alikuwa akila vijiko viwili na kusukuma sahani, akaanza kula. Akaanza kuvaa shati safi kabla ya sala. Mimi ndiye niliyeyafua hayo mashati, na sikuthubutu kusema kitu.

Baba mdogo alithubutu. Alikuwa karani miaka yote huko Bukavu, mtu wa mihuri, na alikuwa amehamia kwetu baada ya msiba ili awe karibu na kaka yake. Siku hizo redioni walikuwa wakibishana kama serikali isimamie hizi programu za ujumbe na maduka ya mtandaoni zinakopatikana: kila akaunti ifungamane na kitambulisho cha mtu, na namba ikipata mwenye mpya, kampuni ilazimishwe kuizima akaunti ya zamani. Baba mdogo aliongeza sauti ya redio kana kwamba sheria hiyo ameiandika yeye.

"Njo vile! Mutu akikufa, compte yake nayo ikufe. Kampuni iko kule mbali, haina hata bureau hapa ya mutu kuenda kulalamika. Bila Etat, bila serikali, nani ataikaza?"

"Etat gani, Baba mudogo?" nikamuuliza.

Hapa mjini kwetu, ambako wenye bunduki hubadilishana utawala, swali hilo likiulizwa, watu hutazama mlango kwanza. Yeye naye aliutazama.

"Etat yoyote," akasema polepole.

"Basi iyo Etat yoyote siku moja itafunga ya kwako, na weye ungali muzima."

"Mimi sifichake kitu."

"Na duka la programu utalifunga namna gani? Nusu ya Goma haiyaingia mule hata siku moja. Programu tunapeanaka simu kwa simu, sawa chumvi. Utaweka polisi kwa kila simu?"

Nilikuwa namshinda kwa maneno, na nilifurahia. Lakini moyoni nilijua ana haki yake. Niliwahi kuiandikia hiyo kampuni kupitia programu yenyewe, nikaeleza kwamba mwenye namba ni marehemu. Mashine ilinijibu inanishukuru kwa kuwasiliana nao. Nilitamani kungekuwa na mlango mahali fulani, hata wa serikali, niugonge hadi mikono iume.

"Mumuache mama yenu," Baba akasema, na mjadala ukafia hapo.

Kesho yake niliipigia namba ile simu ya kawaida. Mwanamke aliitika. Alikuwa anauza vitunguu soko la Murara, na namba alikuwa ameinunua mezani kwa wauza kadi za simu kama mtu yeyote. Mimi na baba mdogo tulimfuata sokoni. Alitutolea simu ya vifungo, yenye tochi, isiyojua hata picha.

"Mimi, mama, sijue hata grupu ni nini," aliniambia. "Ila batu banapigaka, banasema 'maman', banalia. Nakata tu."

Basi namba ilikuwa imeuzwa upya, na akaunti ya Mama ilikuwa inaishi bila kadi yake, ndani ya simu iliyopotea, mikononi mwa mtu anayesikia kengele yetu. Baba mdogo alielewa upesi. Tukiandika namba ile kwenye simu nyingine, tarakimu za siri zitaingia kwa huyu mama. Akitusomea, akaunti iliyo kwenye simu ya Mama itazimika popote ilipo.

"Njo sheria yangu ile," akasema. "Tutaifanya siye benyewe."

Muuza vitunguu, ambaye tulikuwa tumemsimulia kisa chetu, alimtazama. "Na ule mwenye anaomba nayo? Kama anaomba, munamufukuzia nini?"

Hata hivyo alikubali kutusaidia. Nyumbani tulimweleza Baba yote. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga vifungo vya shati lake safi.

"Mungoje fungu ya tatu ipite," akasema.

Jioni hiyo umeme haukuwapo, na anga juu ya volkano ilikuwa nyekundu mapema. Wakati fungu la pili linasaliwa, baba mdogo aliandika namba ya Mama kwenye simu yake. Muuza vitunguu, kwenye simu yangu, alisoma tarakimu moja moja. Baba mdogo aliziandika zote, akaacha ya mwisho, kidole kikiwa juu yake. Ndipo nikakumbuka kwamba simu ya Mama nayo, huko iliko, imekwisha kuonywa kwamba kuna mtu anaitaka namba hiyo. Huyo mtu alijua kwamba tunamtoa.

Ujumbe uliingia.

Haukuwa kimya. Ilikuwa sauti, sijui ya mwanamke au ya mtoto, ikisali Salamu Maria mbiombio kama mtu anayeogopa umeme utakatika. Ilipofika kwenye "sasa" ilisimama. Ikavuta pumzi. Ikamalizia chini, "na saa ya kufa kwetu". Ya pili hivyohivyo, na ya tatu, hadi kumi. Hakuna katekista anayemfundisha mtu kusali namna ile. Huyo alikuwa amerudi nyuma kwenye jioni zetu zote za zamani, akamsikiliza Mama, akamjifunza.

"Amina," akasema Baba.

"Amina," akasema yule mama kutoka Murara, ambaye tulikuwa tumesahau kumkatia simu.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka pia, Mungu anisamehe, isikike tena.

"Fungu ya ine ni ya nani?" Baba aliuliza.

Lilikuwa la baba mdogo. Alitazama zile tarakimu, akazifuta, akafungua grupu na kuanza kurekodi. Alisali vizuri, kwa ile sauti yake ya ofisini. Alipofika kwenye "sasa", alisimama, akavuta pumzi.